STAA UKIPOSTI NDINGA, POSTI NA RISITI ZA GEREJI

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, miaka miwili iliyopita alichafua hali ya hewa mtandaoni kwa picha moja tu. Kaegemea boneti la Subaru Impreza WRX STI ya bluu, ya mwaka 2010, mtumba kutoka Japani. Chini kaandika neno moja: "Nimejizawadia."

Povu likaanza hapo hapo. "Staa mzima unanunua mtumba?" "Wenzako wanatembelea Range, wewe unaleta gari ya wahuni." Mwingine akauliza kama hela yote ya shoo za mikoani ndiyo imeishia pale.

Leo ukiangalia, waliocheka ndio waliochemka. Kati ya hao wenzake wa Range, mmoja alikodi kwa ajili ya video na akarudisha kesho yake. Mwingine alikopa, marejesho yakamshinda, ndinga ikaondoka usiku kimya kimya. Huyu wa mtumba bado anaendesha ile ile. Asubuhi inampeleka mtoto shule, mchana iko nje ya studio, mwisho wa mwezi inaenda Morogoro kwa bi mkubwa.

Na hapo ndipo utamu wa gari hii ulipo. Magari mengi ya mbio yana viti viwili na buti ya kuweka begi moja, ukikutana na tuta unasali. Hii STI ina milango mitano, wanakaa watu watano, na gunia la mkaa kutoka Chalinze linaingia nyuma. Halafu chini ya boneti kuna injini ya lita 2 yenye turbo inayotoa nguvu za farasi 308 na kusukuma matairi yote manne. Ni ukoo ule ule wa Impreza uliompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, kwenye vumbi la Kenya hapo jirani.

Kuhusu hilo neno "mtumba", Subaru wenyewe walitangaza mwaka 2022 kwamba WRX ya kizazi kipya haitatoka na STI ya petroli. Kwa hiyo anayemcheka mtu kwa kununua STI iliyotumika, aonyeshe kwanza duka linalouza mpya.

Kero zipo, sio siri. Iko chini kiasi, matuta ya mtaani yanataka uyapande kwa adabu. Klachi nayo kwenye foleni ya Kimara saa 12 jioni inakupa mguu wa mwanajeshi. Ndiyo maana wengine wanachukua A-Line, ile ya otomatiki, na hakuna ubaya.

Mpaka hapo staa kashinda. Tatizo linaanzia kwenye ukurasa wake.

Ndani ya miaka miwili kaposti gari ikiwa Coco Beach, gari ikiwa Mlimani City, gari ikinguruma usiku mashabiki wakipiga mayowe. Hajaposti hata siku moja ikiwa imenyanyuliwa juu kwa fundi. Wakati washkaji zake wa karibu wanajua kabisa kwamba kila shoo anatenga hela ya gari kabla hajagusa ya bata, na oili anabadilisha kila kilomita 5,000 bila kukosa. Hiyo nusu ya stori mashabiki hawajaiona.

Kijana mmoja wa Tabata, fundi simu, naye jina kapuni, aliona ile nusu ya kwanza tu. Akauza kiwanja chake cha Chanika, akaagiza STI kama ya staa wake. Bandarini akakutana na kodi za TRA, ukiwemo ule ushuru wa uchakavu unaowekwa kwenye magari ya zamani. Akakopa akamalizia. Gari ikatoka, mtaa mzima ukajua.

Dashibodi ilikuwa inasoma zaidi ya kilomita 100,000. Injini hii inatumia mkanda wa taimingi, na huo mkanda unatakiwa kubadilishwa ukifika kilomita kama hizo. Hakumuuliza mtu, na hata angeuliza, mfukoni hakukuwa na kitu. Mwezi wa tatu tu, akiwa njiani kwenda Moro, mkanda ukakatika. Kwenye injini hii mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni, mchezo umeisha. Gari ilirudi Dar imebebwa. Mpaka leo iko gereji chini ya turubai, yeye anapanda daladala, na mchumba wake bado anakiulizia kile kiwanja.

Wapo watakaosema kila mtu mzima abebe msalaba wake. Sawa, kosa la kwanza ni la kijana. Lakini staa huyo huyo analipwa kuposti juisi na losheni kwa sababu inajulikana akishika kitu, vijana wananunua. Huwezi kukubali nguvu hiyo siku ya kulipwa halafu uikatae siku kijana anauza kiwanja.

Hakuna anayemwambia afiche gari. Aposti vizuri tu, kaitolea jasho. Ila siku moja aposti na bili ya mkanda wa taimingi. Aseme kwamba tairi moja ikiisha huchanganyi na yoyote uliyoikuta, maana gari ya kuvuta matairi manne inataka yote yalingane, la sivyo unaua difu. Aseme injini ya Kijapani kama hii imetengenezwa kunywa petroli ya okteni ya juu, ukiibania inagonga. Aseme na kuhusu bima kubwa. Na aseme kwamba kibao cha 50 ni 50 hata ukiwa na farasi 308, kwa sababu kwenye zile video za usiku mtu angedhani kibao kiling'olewa.

Posti kama hiyo haitapata likes kama ya Coco Beach. Lakini kuna fundi simu mwingine mahali fulani, sasa hivi ana hati ya kiwanja mkononi na simu ya dalali iko hewani.

Wewe mdau unasemaje? Staa ana deni kwa mashabiki wake, au kijana wa Tabata alijitakia mwenyewe? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi hapana.