NYUMBA MPYA ZIPITIKE NA KILA MTU

Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri zote nchini kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, na katika hizo asilimia 2 ni haki ya watu wenye ulemavu. Shabaha ya mpango huo ni njema: mtu apewe nyenzo, afanye kazi, ajitegemee. Lakini fundi cherehani atumiaye kiti cha magurudumu, akiisha kupata mkopo wake na kununua cherehani, bado anakabiliwa na swali ambalo hakuna aliyemwuliza wakati wa kujaza fomu. Atakaa wapi?

Chumba atakachopata kupanga katika mitaa mingi ya miji yetu kina ngazi tatu za kupandia barazani, kizingiti mlangoni, na ukumbi mwembamba uliojaa ndoo na majiko ya wapangaji. Choo kiko uani, na kukifikia hapana budi kushuka ngazi nyingine. Mlango wa choo hicho mara nyingi hauzidi sentimita 60, na kiti cha magurudumu cha kawaida kina upana wa sentimita 65 hivi. Kwa ajili ya sentimita 5 tu, mtu mzima mwenye akili zake na kazi yake hulazimika kusubiri jirani ambebe mgongoni kila anapotaka kujisitiri. Na yule mwenye baiskeli ya miguu mitatu hana la kufanya ila kuiacha nje usiku, aombe Mungu aikute asubuhi.

Haiwezi kusemwa kwamba Taifa halikuwakumbuka watu hawa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Matunda yake yanaonekana. Hospitali, shule na ofisi nyingi zilizojengwa katika miaka ya karibuni zina njia za mteremko, ingawa nyingine zimeinuka kiasi cha kumtisha hata mwenye miguu miwili. Hata hivyo, mkazo wa sheria hiyo katika suala la kufikika umekuwa juu ya majengo na huduma za umma. Ofisini mtu huenda mara moja kwa mwezi, pengine mara moja kwa mwaka. Nyumbani ndiko anakolala, anakooga, anakopika na kulea watoto, na huko ndiko alikosahauliwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipokataza mtu kula jasho la mwenzake, liliwataja watoto, wazee na wenye ulemavu kuwa miongoni mwa wenye haki ya kutunzwa na wengine. Kwa wakati ule ilikuwa kauli ya utu. Leo ni dhahiri kwamba wengi wa wenye ulemavu hawaombi kutunzwa. Wanaweza kufanya kazi na wanataka kuifanya. Kinachowageuza kuwa mzigo wa ndugu zao mara nyingi si mguu uliopooza, bali ni ngazi iliyojengwa na fundi asiyewafikiria.

Ni kweli kwamba ngazi hiyo haikuwekwa kwa ubaya. Baraza la nyumba zetu liliinuliwa kwa sababu ya mvua, na kila aliyekaa bondeni wakati wa masika anajua kwamba maji hayana adabu. Msingi lazima uinuke. Lakini kuinua msingi si sawa na kulazimisha ngazi. Kanuni ya mteremko unaopandika kwa kiti cha magurudumu inafahamika kote duniani, nayo ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Baraza lenye kimo cha sentimita 30 lahitaji mteremko wa mita 3 na sentimita 60. Kiwanja kikiwa kidogo, mteremko huo waweza kuufuata ukuta wa nyumba, au ukakunja kona, mradi mahali pa kukunjia pawe tambarare na mwenye kiti aweze kugeuka. Kwa fundi mwashi hiyo ni kazi ya siku chache, na vifaa vyake ni vilevile vya ngazi.

Yaliyosalia ni madogo kuliko hayo. Milango, pamoja na wa choo, iache nafasi ya sentimita 80. Choo kimoja cha kukalia kiwe usawa mmoja na vyumba, chenye nafasi ya kiti kuingia na ukuta imara wa kufungia chuma cha kushikia. Swichi za taa zisiwekwe juu kiasi cha kumshinda aliyeketi. Mtaro wa mbele ya nyumba ufunikwe, maana asiyeona huujua mtaro ulio wazi kwa kutumbukia ndani yake. Mlango unaopitisha kiti cha magurudumu hupitisha pia machela ya mgonjwa, hupitisha jeneza, na hupitisha kitanda bila kukifumua. Na mzee wa miaka 75 ambaye magoti yamechoka hatauliza mteremko ule uliwekwa kwa ajili ya nani.

Pingamizi linalosikika kila mara ni gharama. Uingereza ililisikia, na bado tangu mwaka 1999 kanuni za ujenzi katika England na Wales zimetaka nyumba mpya za kuishi ziwe na njia ya kuingilia inayopitika na choo katika ghorofa ya kuingilia. Australia iliingiza viwango vya namna hiyo katika kanuni zake za taifa za mwaka 2022, ingawa jimbo la New South Wales wakati huo lilikataa kuvitumia kwa hoja hiyohiyo ya gharama. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba kupanua mlango kwenye mchoro ni kufuta mstari na kuuchora upya, ilhali kuupanua baada ya nyumba kwisha ni kubomoa ukuta, kung'oa fremu, kununua nyingine na kupaka rangi upya.

Kwa kuwa nyumba nyingi nchini hujengwa na wananchi wenyewe kidogo kidogo, tofali kwa tofali, isingekuwa haki kuanza kwa kumwandama mwananchi aliyefika kwenye lenta baada ya miaka sita. Wa kuanza ni wenye nguvu. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962 ili wananchi wapate makazi bora, lilitangaza mwaka 2022 mradi wa nyumba 5,000. Mwaka huohuo familia 644 za Magomeni Kota zilikabidhiwa makazi mapya yaliyosimamiwa na Wakala wa Majengo. Vyombo hivi vina wasanifu, vina wahandisi, na vinajenga kwa dhamana ya umma. Havina kisingizio. Katika majengo ya ghorofa, ambako lifti moja ikiharibika mkazi wa ghorofa ya saba hugeuka mfungwa, angalau nyumba za chini zitengwe kwanza kwa wanaozihitaji kabla ya kugawiwa wenye haraka ya kulipa.

Wizara zinazohusika na ardhi, ujenzi na watu wenye ulemavu zikae pamoja na vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe, ziandike viwango hivyo kwa Kiswahili kinachosomeka na fundi, katika ukurasa mmoja ikiwezekana. Kisha viambatishwe na kibali cha ujenzi kinachotolewa na halmashauri, kwa nyumba za mashirika na za kupangisha kwanza, na mkaguzi aende na futi yake kupima mlango wa choo kabla ya kugonga muhuri.