Cobh, Kituku na jaketi okozi
Meli za kitalii zinapotia nanga Cobh, kusini mwa Ireland, wageni hushuka kutazama huzuni ya zamani: gati walikoondokea wahamiaji waliokimbia njaa, na bandari ambako Titanic ilichukua abiria wake wa mwisho tarehe 11 Aprili 1912, mji ukiitwa Queenstown. Huzuni ile leo inalisha mji. Sisi wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, nasi tuna mlango wetu wa maji, Ziwa Kivu, ila hauleti watalii. Mwaka 2024, vita vilipoifunga barabara ya Sake, maharagi na viazi vya vilimani vilipitia Minova, vikapakiwa kwenye maboti ya kwenda Goma pamoja na watu. Tarehe 3 Oktoba boti Merdi, iliyojazwa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho. Kinachotenganisha bandari hizi mbili si wingi wa machozi, bali kilichofuata machozi hayo. Baada ya Titanic kuzama, mataifa yalikutana London, na Januari 1914 yakatia saini mkataba wa usalama baharini, uliotaka kila abiria awe na nafasi katika mashua za kuokolea. Sisi tunadai kidogo kuliko hayo: orodha ya abiria, jaketi okozi kwa kila kichwa, na mkaguzi asiyehongeka. Anayeshika bandari, awe serikali au waasi, hasahau kutoza ushuru. Basi ushuru huo ununue jaketi kabla ya risasi.