Mchikichini Wamenyolewa, Nasi Tutie Maji



Katika mji wa Dar es Salaam iko kata moja iitwayo Mchikichini, jirani ya Kariakoo na Ilala, ukingoni mwa bonde la Msimbazi. Si kata kubwa, wala haina majumba ya kutajwa mbele ya watalii. Lakini mwenye kutaka kujua watawala wa zama hizi wana maana gani wasemapo kuwa wanapanga mji, basi na aende Mchikichini akatazame. Hapo atayaona mambo matatu kwa pamoja: jengo kubwa walilojengewa wachuuzi bila ya kuulizwa, soko la wachuuzi lililoteketea kwa moto, na bonde ambalo wanyonge waliambiwa halijengwi, ilhali Serikali yenyewe imejenga humo humo.

Huenda msomaji akauliza: Ya Mchikichini yatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Twamjibu. Maduka yetu ya Unguja na Pemba, kwa sehemu kubwa, yanajazwa kutoka Kariakoo. Nguo, vyombo na viatu tunavyouza vimepita mikononi mwa watu wa mitaa ile kabla ya kupakiwa kuvuka bahari. Vijana wetu wengi wanatafuta riziki huko huko. Na lililo kubwa zaidi ni kwamba kalamu inayochora kule haina tofauti na kalamu inayochora kwetu. Wahenga walisema, mwenzio akinyolewa nawe tia maji.

Tuanze na asili ya jambo. Mwaka 1891 Wajarumani walitoa sharti za ujenzi za Dar es Salaam, zikaamua nyumba ya namna gani ijengwe upande gani wa mji. Hawakuhitaji kuandika kuwa mweusi asikae penye upepo wa bahari. Ilitosha kusema kuwa hapo hapajengwi nyumba ya udongo na makuti. Waingereza walipokuja wakaufuata mfano huo, mji ukawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga wa huku na wa kule. Hata jina la Kariakoo ni ukumbusho wa wanyonge: Waafrika wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliowekwa kambi pale zama za Vita Vikuu vya kwanza.

Kwetu mambo hayakuwa mbali na hayo. Mji Mkongwe ulikuwa upande mmoja wa hori, na waliobaki wakaitwa watu wa Ng'ambo, kana kwamba mji wenyewe ni ule mmoja tu. Lakini watu wa Ng'ambo hawakukaa kimya. Mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi iliyokaliwa na nyumba zao, wakawafahamisha mabwana wa ardhi na Serikali ya kikoloni kwamba aliyejenga nyumba kwa jasho lake hawi mgeni katika nyumba hiyo. Somo hilo lina umri wa karibu miaka mia, na wapo wanaotawala leo ambao hawajalisoma bado.

Sasa turudi Mchikichini, tulitazame jengo. Laitwa Machinga Complex, na lilikamilika karibu ya mwaka 2010 kwa mkopo wa mabilioni ya shilingi kutoka Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, ambamo wafanyakazi wanaweka akiba ya uzee wao. Ni jengo imara la ghorofa, lenye vizimba vya maelfu ya wachuuzi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vizimba hivyo ilikaa tupu, na deni likaendelea kuzaa. Wakubwa wakasema kuwa machinga ni watu wakaidi wasiopenda maendeleo.

Sisi wenye maduka twaijua sababu. Machinga hana jina mlangoni wala hana mteja wa kumwandikia daftarini. Anaishi kwa miguu ya wapitao. Mtu ateremka garini, aiona soksi, auliza bei, anunua, ashika njia yake. Mtu huyo hatopanda ngazi tatu kuitafuta soksi ambayo hata hakujua kuwa anaihitaji. Neno hili angelilisema mchuuzi yeyote, tena bila ya kudai ujira, kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Hakuulizwa. Waliulizwa wachoraji na wenye kukopesha, ambao hawajapata kuuza soksi.

Kisha tulitazame soko. Mwezi wa Disemba 2018 Serikali ilianza kuwauzia wachuuzi vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila mmoja, wakaambiwa kuwa mwenye kitambulisho hasumbuliwi. Haikutimia miaka mitatu, na mwezi wa Oktoba 2021 wachuuzi wakaamrishwa kuondoka kandokando ya barabara za Dar es Salaam. Tarehe 16 Januari 2022 likateketea soko la Karume la hapo Mchikichini, soko lenye jina la Rais wa kwanza wa Zanzibar, na pamoja nalo mali za maelfu ya wachuuzi, wengi wao wauza mitumba. Kabla yake, tarehe 10 Julai 2021, lilikuwa limeungua soko kuu la Kariakoo, jengo zuri lililochorwa na mwananchi, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975. Sisi hatumtuhumu mtu kwa moto. Tunachosema ni kwamba maskini aliyeweka mtaji wake wote chini ya kibanda cha mbao na turubai, penye vichochoro ambavyo gari la zimamoto halipenyi, amewekwa penye khatari, na aliyemwacha hapo miaka na miaka anajua kuwa ni penye khatari.

Wala khatari haiwi katika mbao peke yake. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapo Kariakoo, likaua zaidi ya watu 20. Kwa hiyo wasituambie kuwa ghorofa ndiyo usalama na kibanda ndicho maafa. Usalama ni usimamizi, na usimamizi ni kazi ya wale wanaolipwa mishahara kwa kodi zetu.

Tatu ni bonde. Mwezi wa Disemba 2011 mafuriko ya Msimbazi yaliua watu zaidi ya 40 katika Dar es Salaam, na baadhi ya waliookoka wakapelekwa Mabwepande, mbali na mji. Huko walipewa viwanja, lakini riziki yao ilikuwa imebaki Kariakoo, na mtu mwenye kuchukua mizigo sokoni alfajiri hawezi kulala Mabwepande. Baadhi yao wakarudi. Wakubwa wakasema: Tazameni ukaidi wao! Mwishoni mwa 2015 zikaja alama za X na matingatinga. Lakini katika bonde hilo hilo, hapo Jangwani, Serikali ilijenga karakana ya mabasi ya mwendo kasi yaliyoanza kazi mwaka 2016, nayo maji yakaifikia si mara moja wala mbili. Ikiwa maskini aliyejenga bondeni ni mjinga, basi mhandisi aliyejenga bondeni tumwiteje? Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kulitengeneza bonde la Msimbazi, pawe na mto uliochimbwa vyema na bustani ya mji. Bustani ni neema. Lakini mkopo huo utalipwa na wote, basi na hesabu ya watakaoondoka ifanywe kwa wote, mpangaji wa chumba kimoja sawa na mwenye nyumba.

Watatujibu: Ninyi mwataka mji wa mabanda, na njia zizibwe watu wasipite. La. Sisi wenye maduka ndio wa kwanza kuumia mchuuzi akitandika mlangoni petu, na bidhaa yake ndiyo hiyo hiyo tuliyonayo rafuni. Tumefundishwa chuoni kwamba kuondoa maudhi njiani ni katika imani, na njia ni haki ya wapitao. Lakini waliotufundisha hilo walitufundisha na la pili. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina aliwawekea watu wake soko mahali pa wazi, akakataza wasitozwe kodi ndani yake. Na wanavyuoni wamepokea kutoka kwa waliomfuata kwamba soko ni mfano wa msikiti: aliyetangulia mahali ndiye mwenye haki napo mpaka ainuke mwenyewe. Wazee hao waliutawala mji wenye soko, nao hawakuona kuwa nidhamu na huruma ni vitu viwili visivyokaa pamoja. Kumpanga mtu si kumfukuza.

Sasa, ndugu, tulifikie shina la maneno. Serikali inapomwambia mtu, "Ondoka hapa, tunajenga, utarudi," Serikali hiyo imekopa. Imekopa mahali pake, na mahali pa mchuuzi ndio mtaji wake. Nasi twajua deni linavyokwenda. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni, kwa mwandishi mwadilifu na mashahidi. Ikiwa deni la pishi ya mchele laandikwa, vipi deni la riziki ya mtu na watoto wake liachwe kwa mdomo wa afisa ambaye mwakani atahamishwa?

Tazameni yanayotokea pasipoandikwa vizuri. Soko la Kariakoo lilipokuwa likijengwa upya kwa mabilioni ya shilingi, ilitolewa orodha ya wafanyabiashara watakaorejeshwa. Mwezi wa Julai 2024 wafanyabiashara waliandamana hadi afisi za chama tawala, mtaa wa Lumumba, wakilia kwamba majina yao hayamo. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu moto, na hesabu ya nani alikuwa wapi ikawa bado ni ugomvi. Upande wa pili iko Magomeni Kota. Wakaazi wake walitolewa na nyumba zao zikabomolewa mnamo 2011 na 2012, wakahangaika kwa kupanga huku na kule, na mwaka 2022 yakafunguliwa majengo mapya kwa ajili ya familia 644. Walirudi kwa sababu walijulikana ni nani na ni wangapi, na kwa sababu hawakuchoka kudai. Lakini walingoja miaka kumi, na miaka kumi yatosha mtoto wa chuoni kuwa baba wa watu. Basi kurudi kwawezekana. Kinachokosekana ni daftari na muda uliowekwa.

Natija ya maneno haya tuilete nyumbani. Baada ya 1964 mitaa mingi ya Ng'ambo ilibomolewa kupisha majumba marefu ya Michenzani, yaliyochorwa kwa msaada wa Wajarumani wa Mashariki. Waliopata nyumba walishukuru, na hatuwanyimi shukrani yao. Lakini mwenye baraza aliyekuwa akiuza kahawa na mkate wa ufuta chini ya dirisha lake alipandishwa juu, na baraza haikupanda naye. Katika miaka ya 2010 Serikali ya Zanzibar iliandaa mpango mwengine, ikauita Ng'ambo Tuitakayo. Jina hilo ni zuri, nasi twalishikilia. Katika neno "tuitakayo" imo silabi moja ya "tu", nayo ndiyo yenye maana yote. "Tu" ni nani? Ikiwa ni sisi wenye nyumba, wapangaji, wachuuzi, mafundi wa baiskeli na mama zetu wauza urojo, basi na tuulizwe na jibu letu lionekane katika ramani. Ikiwa ni wao na wawekezaji wao, basi na walibadilishe jina, wauite Ng'ambo Waitakayo.

Twadai mambo manne, nayo si makubwa. Kwanza, pasibomolewe nyumba, kibanda wala soko kabla ya kuandikwa majina ya wote waliopo, wenye hati na wasio hati, na orodha ibandikwe hadharani kwa muda wa watu kuisoma na kuipinga. Pili, kila aliyeandikwa apewe karatasi yenye mhuri, inayotaja mahali atakaporudi, kodi atakayotozwa na tarehe. Tatu, mahali pa muda pawe penye wapitao, si porini. Nne, katika kila soko jipya vizimba vya chini, vinavyotazama njia, wapewe wenye mtaji mdogo. Wenye mali wana uwezo wa kuvuta mteja mpaka ghorofani.

Lakini madai bila ya kazi ni kelele. Kwa hiyo twaomba kila tawi, katika mkutano wake ujao, liteue watu watatu wanaojua kuandika vizuri, wapite mtaa kwa mtaa na soko kwa soko katika eneo lao, kabla ya wapimaji kuja na kamba zao. Waandike jina la mtu, kazi yake, mahali pake na tangu mwaka gani yupo, na majirani wawili watie saini. Asiulizwe mtu chama chake. Mvua ya Msimbazi haikuuliza kadi, na tingatinga halisomi. Nakala moja ibaki tawini, nyengine iletwe afisini kwetu. Siku watakapokuja kutuambia kuwa hapa hapakuwa na mtu, tutakuwa na daftari la kuwaonesha.