Deni halimsubiri kurutu

VIJANA wanaoteuliwa kujiunga na Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) husindikizwa kwa vifijo wanapoelekea Eldoret kupokea mafunzo ya kimsingi. Linalosahaulika ni madeni wanayoacha nyuma.

Mkopo wa M-Shwari, kwa mfano, hutakiwa kulipwa katika siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5, kando na ushuru. Muda huo ukipita, ada hutozwa tena. Kurutu anayekaa kambini miezi kadhaa huenda akahitimu kuwa askari, huku jina lake limo katika orodha ya wasiolipa mikopo.

Tatizo hili halipo Kenya pekee. Nchini Marekani, sheria ya mwaka wa 2003 humwezesha mwanajeshi kuomba riba ya mkopo aliouchukua kabla ya kuingia jeshini isizidi asilimia 6 akiwa kazini. Wabunge wetu wangefaa kuiga mfano huo.

Kwa sasa, dawa ya deni ni kulipa. Kabla ya kuondoka, kurutu amalize mikopo midogo, kisha aiandikie benki ikate malipo ya ile mikubwa moja kwa moja kutoka kwa akaunti yake. Nambari ya siri asimpe yeyote, hata ndugu wa toka nitoke.

Mlinzi wa taifa hafai kuanza kazi akiandamwa na wadai.