Kadenge na Teksi Yake

Mhariri, nipe nafasi nitoe dukuduku langu, kwa maana limenikaa kooni tangu muhula uanze.

Mimi ni winga wa kulia wa timu ya shule yetu. Kila tunaporudi kutoka kucheza Chuka au Meru, tumechoka tiki, kesho yake kuna jaribio. Nikianguka, nasimamishwa mbele ya darasa naambiwa, "Endelea tu na mpira. Utaishia kuendesha teksi kama Joe Kadenge!" Darasa zima linaangua kicheko. Wenzangu, hata mimi nilikuwa nacheka, kwani Kadenge mwenyewe sikumjua.

Likizo ya Agosti nilimuuliza babu, nyumbani Runyenjes. Mzee aliweka kikombe chini, akabana pua kama mtangazaji: "Kadenge na mpiraaa!" Kumbe maneno hayo yalivuma nchi nzima kupitia redio ya Sauti ya Kenya, na anayekumbukwa zaidi kwayo ni marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki 2025. Babu anasema wao, watoto wa Embu wasiojua hata Vihiga iko upande gani, walikimbiza mpira wa makaratasi kila mmoja akijiita Kadenge. Mpaka wagombane.

Kadenge alizaliwa 1935. Alichezea Maragoli United, kisha Abaluhya United iliyoundwa 1964, timu ambayo leo ni AFC Leopards, na pia timu ya taifa. Mwaka wa 2002 alikuwa mkufunzi wa Harambee Stars. Mbona hilo halitajwi darasani? Inatajwa teksi tu.

Naam, teksi aliendesha, tena hapo Nairobi mbele ya macho ya watu. Lakini tangu lini kula jasho lako ikawa aibu? Enzi zake mpira ulikuwa wa ridhaa: mchana kazini, jioni uwanjani. Na si hapa kwetu tu. Kule Uingereza, hadi 1961, ilikuwa marufuku mchezaji wa ligi kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki. Jimmy Delaney, winga wa Celtic na Uskoti, alivunjika mkono vibaya 1939, akakaa nje kama miaka miwili, na vita vikamla miaka mingine. Manchester United walimnunua 1946 kwa pauni 4,000, na 1948 akatwaa nao Kombe la FA. Je, mkono ule usingepona, angekula nini?

Hapo nakubaliana na mwalimu, sikatai. Mguu ni mfupa, unaweza kuvunjika Jumamosi moja tu. Ila ninayemlaumu mimi si Kadenge. Watu walilipa viingilio wamwone. Hela zile zingewekwa akiba kidogo kwa ajili ya uzee wa wachezaji, ingekuwaje? Alipofariki Julai 2019, baada ya kuugua, sifa zilimwagwa kama mvua ya Aprili. Viwanja navyo tunavijua kuvijenga, jamani! Kinoru pale Meru ulitengenezwa kwa ajili ya CHAN ya 2018, mashindano ambayo Kenya ilinyang'anywa 2017. Uwanja wa Moi hapa Embu ulikarabatiwa, ukaandaa Madaraka Dei ya 2023. Nyasi zinahudumiwa kuliko anayezikanyaga.

Sasa nimeambiwa nichague, mpira au kitabu. Walimu wetu wapendwa, mbona nichague? Tukienda gemu Ijumaa tunakosa vipindi vinne, na hakuna anayetufundisha tena. Tunanakili madaftari ya wenzetu usiku wakati wa prepu, mengine hata hayasomeki (Mutembei, sikutaji!). Ndiyo sababu tunaanguka, si kwamba akili zetu ziko miguuni.

Lile jaribio la Kemia nililolikosa Ijumaa, naomba nilifanye Jumatatu. Hata kabla ya chai ya saa nne, niko tayari.