Kikombe Kisitengwe

Tangu mwaka 2019 sheria ya Tanzania inamruhusu mtu kujipima VVU mwenyewe. Kipimo kimojawapo hupitishwa kwenye fizi, na hapo huzaliwa swali ambalo mhudumu wa afya, awe Mwamanyili mkoani Simiyu au kwingineko, hana budi kulijibu vizuri: ikiwa VVU hupimwa mdomoni, je, mate yanaambukiza?

Hayaambukizi. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili, wala si virusi. Kwa hiyo kumtengea mgonjwa kikombe, sahani au kijiko hakumkingi yeyote. Humwongezea unyonge tu, na mnyonge huficha dawa zake, huziruka, na virusi vikaongezeka.

Hata hivyo, kusema kwamba mdomo hauna hatari kabisa ni kosa pia. Ngono ya mdomo ina hatari ndogo mno ikilinganishwa na ile ya ukeni au ya njia ya haja kubwa, lakini vidonda na fizi zinazotoka damu huweza kuiongeza. Mama mwenye VVU asimtafunie mtoto chakula. Nchini Marekani wako watoto walioambukizwa hivyo, na damu ya fizi ndiyo iliyoshukiwa. Aliyepatwa na hatari awahi kituoni kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa kinga.

Hofu isiyo na kipimo huvunja nyumba, na uhakika usio na kipimo huambukiza. Mgonjwa apewe ukweli wote, kisha anywe kikombe kimoja na watu wake.