Mtungi Ukutani Si Pambo

Mwezi Machi 1998 wasichana 26 waliteketea katika bweni la Shule ya Sekondari ya Bombolulu, Kwale, nchini Kenya. Milango ilikuwa imefungwa, madirisha yana nondo. Miaka mitatu baadaye, wavulana 67 walifia bwenini huko Kyanguli, Machakos. Tunawakumbuka kwa sala. Je, tunawakumbuka pia kwa matendo?

Katika kumbi, shule na zahanati zetu imetundikwa mitungi ya kuzimia moto. Ni nani aliyeikagua mwaka huu? Mtungi ulioishiwa nguvu ni ahadi ya uongo kwa yule atakayeukimbilia. Kila mwezi tuutazame: mshale wa kipimo uwe kwenye kijani, pini na lakiri viwepo, mpira usiwe na ufa, njia ya kuufikia iwe wazi. Kila mwaka fundi aufanyie matengenezo na kuandika tarehe. Nayo milango ya mabweni ifunguke toka ndani.

Haki huanza kwa kulinda uhai. Halmashauri za walei hazina budi kumteua mtu wa kazi hii, na gharama yake itengwe kabla ya fedha za mapambo.